Bega la Nguruwe kwenye Barabara Kuu

Jumanne, 17 Oktoba

Mimi Ozell Tatum nina miaka themanini na moja. Wamekwenda kaka zangu watatu, pikapu nne, makocha tisa wa timu yetu, na daktari aliyenikataza nyama ya nguruwe. Mimi nipo. Daftari hili kanipa mke wangu Verlene niandike dawa ninazomeza. Dawa nameza. Humu nitaandika mambo ya maana.

Jambo la maana ni hili. Jumamosi wahitimu wa chuo wanarudi kutazama mechi, na kanisa letu litachoma nyama kwenye maegesho ya uwanja kama kila mwaka. Koleo la nyama nimelishika mimi miaka thelathini na nane! Chuoni sikusoma, na kuandika kwenyewe ndiyo hivi mnavyoona, lakini boila la chuo, lile tanuri la kuchemshia maji, nililiwasha mimi mpaka nilipostaafu. Moto unanijua kwa jina.

Leo Dada Odessa, mwenyekiti wa karamu, kapiga simu. Eti shemeji yangu Lavon, mdogo wake Verlene, naye analitaka koleo. Eti tuchome wote wawili, na yule ambaye sinia lake litaisha kwanza ndiye atashika koleo mpaka afe. Nikauliza afe nani. Akasema yeyote, Kaka Ozell, yeyote.

Lavon! Tarishi mstaafu! Ana jiko la umeme linalokula punje za mbao na kupokea amri kutoka kwenye simu. Mtu kakaa kitini anabonyeza simu, halafu anasema anachoma nyama!

Jumatano, 18 Oktoba

Hila ya kwanza. Nimempigia Dada Odessa kwa sauti ya upole. Nikamwambia safari hii tuchukue nafasi ya kule mwisho, penye miti, wazee wapate kivuli. Nguzo ya umeme iko mbali na pale, lakini hilo sikulitaja. Akanisifu kwa moyo wangu wa kujali. Nikacheza ngoma jikoni mpaka goti likalia.

Jioni Lavon kaja kunionyesha jenereta yake mpya. Haina kelele hata kidogo. Kauliza kwa adabu kama nitahitaji umeme wa redio yangu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Lavon kupeleleza. Nikasingizia kurudisha ngazi niliyoazima mwaka 2009. Yupo uani, anafanyia jiko majaribio. Akanipa ubavu mmoja nionje. Nikamwambia umekauka. Akanipa wa pili nihakikishe. Nikahakikisha mara tano.

Verlene kauliza mbona nina sosi kwenye nyusi. Verlene, kama unasoma hapa, geuza ukurasa. Zilikuwa laini. Laini mno.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimepata! Sheria ya maegesho inasema mtu asiwashe moto kabla geti halijafunguliwa saa mbili asubuhi. Chakula ni saa tano. Mbavu za Lavon zitaiva, lakini bega la nguruwe linataka muda wa saa kumi juu ya kuni za mti wa hikori. Sasa, sheria imekataza kuwasha. Haikukataza kufika na moto uliokwisha kuwaka! Nitawasha hapa nyumbani, nifunge trela la pipa langu la kuchomea nyama kwenye pikapu, nyama iive huku tunakwenda. Maili arobaini za kuiva!

Verlene kasema ni wazimu. Nikamwambia hata treni za zamani zilikwenda hivyohivyo, moto ukiwaka ndani. Akasema treni haikubeba mafuta ya nguruwe.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimewasha mapema. Mabega manne. Saa kumi na mbili na nusu tukaondoka, moshi mwembamba, buluu, wa heshima.

Barabara kuu nikakanyaga mafuta. Watu wakaanza kupiga honi. Nikawapungia mkono. Mama mmoja akatupita, akatoa kichwa dirishani, anapiga kelele na kuonyesha nyuma. Nikamwonyesha kofia yangu ya timu. Mapenzi ya watu wetu siku ya mechi!

Verlene akasema anaona mwanga mkali kwenye kioo cha pembeni. Nikamwambia ni jua linachomoza. Akasema, "Ozell, jua liko mbele yetu."

Likaja gari la zimamoto na ving'ora. Nikajua ni heshima ya kutusindikiza. Nikapunguza mwendo ili watangulie. Hawakutangulia.

Upepo ulikuwa unaingia kwenye tundu la kuni kama mvukuto wa mhunzi. Mafuta ya nyama yameshika moto, pipa jekundu. Nikawasihi wasilimwagie maji japo bega la kushoto. Wakayamwagia yote.

Saa tano nikaweka sinia langu mezani. Nje mkaa, ndani maji ya zimamoto. Lavon kasimama kando ya lake, anapunga moshi kwa kofia. Sinia lake likaisha kwa dakika ishirini. Kwangu kala Verlene peke yake, kipande kimoja, kwa uaminifu. Akakitafuna mpaka mechi ikafika mapumziko.

Dada Odessa akaja taratibu, akanyoosha mkono. Nikampa koleo. Vidole vilichelewa kidogo kuachia. Lavon hakucheka. Kaniletea sahani ya mbavu, akasema, "Kula, shemeji, umeamka mapema." Nikala nyuma ya pikapu, nimewapa watu mgongo.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya ibada Dada Odessa kanipa kazi mpya ya mwakani: kulinda barafu. Yaani kanipandisha cheo. Nyama bila vinywaji baridi nani ataila?

Na koleo nitalirudisha. Nimekaa nimelifikiria, kosa lote nimelipata: tundu la kuni lilitazama mbele. Mwakani nitageuza pipa, tundu litazame nyuma, na mwendo niongeze ili upepo upite haraka kabla haujaona njia ya kuingia. Mabega nitaweka sita.

Anayebisha kwamba Ozell Tatum anajua moto amuulize kapteni wa zimamoto wa barabara ile. Kasema kwa kinywa chake, akikunja mpira wa maji, kwamba miaka ishirini na sita kazini hajaona moto kama wangu. Verlene naye alikuwepo, lakini yeye msimuulize. Anapenda kutia chumvi.