Fomu Iliyokwenda Bunda

Jumatatu, 23 Juni

Siku kumi kabla ya safari. Shule inataka vitu kumi na moja, ninavyo viwili: Biblia na kijiko. Bado godoro, blanketi zito, ndoo mbili, jembe lenye mpini, sweta, tranka na vingine. Shule iko Njombe, huko baridi. Nisiporipoti na kila kitu, kidato cha tano nitakisikia kwa wengine. Baba yuko Butiama. Nikimpigia anasema tutaona, mwanangu. Hiyo tutaona naijua, nimekua nayo.

Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha dagaa, kwa Mzee Mugeta. Tunaanika dagaa kwenye vichanja, tunawageuza, tunafukuza ndege, wale yangeyange. Saa saba wenzangu wanakaa duara na kula sinia moja. Mimi nakaa nyuma ya stoo na kitabu na viazi vyangu. Siku ya kwanza waliniita, nikasema nimeshiba. Hawakurudia.

Kuomba siwezi. Mpango: kesho nitaiacha fomu ya shule, orodha ikiwa juu, kwenye meza ya Mama Robi, mkubwa wetu pale. Ataiona. Ataguswa. Ataniuliza mwenyewe. Mpango hauna kasoro.

Jumanne, 24 Juni

Mpango una kasoro.

Pale mwaloni kila mteja hupewa dagaa kidogo wa kuonja njiani, na Mama Robi huwafunga kwa karatasi yoyote iliyo karibu. Fomu yangu ilikuwa karibu. Aliikunja koni, akaijaza dagaa, akampa mama mmoja mteja kutoka Bunda. Nilikuwa hatua tatu tu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Karibu tena."

Yule mama akasema asante binti, akaondoka na shule yangu.

Ile fomu ina muhuri wa daktari! Daktari mwenyewe yuko likizo mpaka katikati ya Julai.

Recho aliniona. Ana miaka ishirini, kicheko chake kinasikika mpaka kwenye mitumbwi, na kila mtu anampenda. Akaniuliza mbona uso umenyauka kama dagaa wa juzi, profesa. Wote wakacheka. Namchukia Recho, kwa adabu.

Jumatano, 25 Juni

Nilimtumia Mama Robi ujumbe kwamba tumbo linauma. Nikaenda Bunda kumtafuta yule mama. Ninachojua: ni mfupi, alivaa khanga ya kijani. Sokoni nimehesabu wanawake wafupi wenye khanga za kijani kumi na wanne. Sikumwuliza hata mmoja. Niliwafuata tu nyuma. Wa sita aligeuka akaniuliza, "Binti, nikusaidie au niite mgambo?"

Nikarudi.

Nyumbani Bweri, ninakoishi na shangazi, nilimkuta mlangoni, mikono kiunoni. Mama Robi alikuwa amemtuma bodaboda alete uji wa ulezi wa mgonjwa. Shangazi akamjibu dereva, mgonjwa gani, Nyangi yuko kazini. Kwa hiyo mwaloni kote wanajua kwamba mimi ni mwongo. Uji ameunywa shangazi. Amesema ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 26 Juni

Hakuna aliyeniuliza habari za tumbo. Hakuna aliyenisema. Nimekuta kichanja changu kiligeuzwa jana chote, dagaa wamekauka kuliko ninapogeuza mwenyewe. Dalili mbaya. Wananionyesha kwamba hawanihitaji.

Nikikaribia, wanakata mazungumzo. Mama Robi alikuwa kwenye simu, akaniona, akasema, "Huyo amefika, tutaongea," akakata.

Nimekula viazi nyuma ya stoo. Nimesoma kurasa nane, sikumbuki hata neno moja. Upande wa pili walikuwa wanacheka. Viazi havikuwa na chumvi.

Jumamosi, 28 Juni

Habari kubwa! Recho ameingia stoo na mzigo mara tatu, kila mara anaangalia nyuma. Wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Ameufunika na turubai pembeni, nyuma ya magunia.

Recho anaiba dagaa.

Mpango wa tatu: nitamfichua mbele ya Mzee Mugeta. Mzee ataniheshimu. Ataniuliza, na wewe binti mwaminifu, una shida gani? Hapo nitamweleza. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi. Kwenye kioo naongea vizuri sana.

Jumatatu, 30 Juni

Saa saba, sinia likiwa limeshawekwa chini, nilimwita Mzee Mugeta. Nilisema kwa sauti kwamba kuna wizi nyuma ya magunia. Mzee akakuna kichwa. Akaniomba tusubiri mpaka Jumatano. Nikasema ushahidi utahamishwa! Nikaenda nikavuta turubai mwenyewe.

Godoro. Blanketi. Jembe, mpini umepigwa msasa. Ndoo mbili, moja ndani ya nyingine. Sweta la kufuma kwa mkono, la kijivu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Tranka ya Mzee Mugeta mwenyewe, jina lake limepakwa rangi na langu limeandikwa juu. Na juu ya tranka, fomu yangu. Ina mafuta ya dagaa, lakini muhuri unaonekana.

Yule mama wa Bunda aliikunjua njiani akasoma. Akampigia Mama Robi, akamwuliza kama siku hizi wanafungia dagaa na maisha ya watoto. Akaituma kwa basi, na zile ndoo akaziongeza yeye. Mama Robi aliwasomea wenzake orodha, kila mmoja akachagua chake. Recho alichagua sweta. Alikuwa hajawahi kufuma maishani mwake.

Recho akanyoosha mikono. "Mwizi ndiyo mimi, profesa. Nipeleke polisi, ila godoro ubebe wewe, mimi mgongo umechoka."

Walicheka mpaka Mzee akaegemea mlango. Mama Robi hakucheka. Akasema, "Sisi tulijuaga unatuona tunanuka dagaa. Kumbe unatuogopa tu. Njoo ule."

Nilitaka kusema asante. Nilisema, "Kichanja cha kushoto hakijageuzwa." Nikaenda kukigeuza. Nililia huko peke yangu, na yangeyange walikula walivyotaka.

Jumatano, 2 Julai

Nimekula na wenzangu. Ugali wa muhogo, dagaa wa nyanya. Mama Robi alikuwa anasukuma dagaa upande wangu bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya shukrani, kurasa sita. Nilisimama. Nikaikunja karatasi. Nikaketi. Recho akaniambia hotuba imeeleweka, pitisha chumvi.

Miezi saba nimekaa nyuma ya ile stoo. Hatua ishirini tu. Leo nimezihesabu.

Alhamisi, 3 Julai

Wote walikuja stendi na nguo za kazi. Kondakta akauliza nani amepakia dagaa. Nilimshika mkono Mama Robi dirishani mpaka gari lilipoondoka. Asante ilinikaa kooni mpaka tulipofika Bunda, ndipo ikatoka kwa sauti. Abiria wa kiti cha jirani akajibu, "Karibu."

Jumapili, 13 Julai

Njombe. Baridi kama walivyosema. Ule mkono mrefu wa sweta unafunika vidole, nafikiri Recho alikusudia. Bweni zima wanatembea wawili wawili. Mimi natembea na kitabu.

Leo matroni aliniruhusu simu. Nilimpigia Mama Robi. Alipopokea, nikanyamaza. Akasema, "Nyangi, najua ni wewe. Hakuna mwingine anayenipigia halafu akanyamaza." Nikasema asante. Nimeisema! Akajibu nisimchoshe na asante, nimwambie kama nakula, na nakula na nani. Nikasema na marafiki.

Uongo. Lazima uwe kweli kabla ya Jumapili ijayo.

Kitanda cha juu yangu analala Sara, kutoka Iringa. Anaonekana mpole. Ningeweza kumsalimia tu, lakini huko ni kubahatisha. Mpango: nimemfichia kiatu cha kushoto. Atahangaika, nitamwonyesha, atanishukuru, tutaanzia hapo.

Baadaye. Sara alikuja moja kwa moja kwangu kuniomba nimsaidie kutafuta. Tumezunguka bweni zima, tumeingia mpaka jikoni, tumecheka mara mbili. Jioni nzuri kuliko zote tangu nifike. Sikuona sababu ya kuiharibu kwa kukipata.

Kesho nitaficha cha kulia.