Nani Kamtaja Sadalla?

Katika Kariakoo nzima, na kwa hisani yetu tuongeze Ilala, hakukuwa na dume kama Sadalla wa Mtaa wa Sikukuu. Dume lenyewe lilikuwa na umri wa miezi kumi, meno manne, na bado lilikuwa linajikojolea. Lakini hayo ni mambo madogo. Baba yake, Kitwana, alikuwa ameshatangaza, na Kitwana akishatangaza jambo, nani tena wa kupinga?

"Mwanangu hali uji," alikuwa akiwaambia wenzake. "Uji chakula cha wagonjwa. Mwanangu anakula karanga!"

Kila jioni Kitwana, karani wa stoo katika shirika moja la umma, alirudi kutoka kazini amevaa suruali ya pekosi, pana miguuni, inayofagia barabara, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo alichonyimwa na Mungu. Mkononi ana karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Anaketi barazani, anampakata mwanawe, anangoja wapita njia. Akipita mtu anayeonekana hodari wa kushangaa, anamtia mtoto karanga mdomoni.

"Umeona? Anatafuna huyo!"

Alikuwa hatafuni. Meno yote manne yalikuwa ya mbele, na magego hayakuwamo hata kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Mtoto aliilamba karanga, akaizungusha, kisha akaitema au akaimeza nzima, kwa kadiri ya bahati yake siku hiyo.

Mkewe, Mboni, alisema asubuhi, akasema na jioni. "Baba Sadalla, mtoto hana magego huyo. Karanga nitwangie, nimtilie kwenye uji. Nzima itamkaba."

"Mwanamke, usinilelee dume kama kifaranga!"

Siku ya siku ikafika. Klara, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Kitwana akaona huyu naye ana siku nyingi hajashangaa. Akamtia mtoto karanga, kisha akamtekenya ili acheke, onyesho lipendeze. Mtoto akacheka. Karanga ikaenda njia isiyo yake.

Cheko likakatika. Mtoto akatoa macho, mdomo wazi, sauti hakuna. Midomo ikaanza kupiga weusi. Kitwana, bingwa wa malezi, akafanya jambo moja alilolijua vizuri: akapiga kelele.

Mboni akatoka uani mbio. Akampokonya mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akamgonga mgongoni kwa kiganja. Akagonga tena. Karanga ikaruka, mtoto akalia. Kilio kile kilikuwa kitamu hata Klara aliweka ndoo chini akamshukuru Mungu.

"Unaona?" Mboni alimkumbatia mtoto kifuani. "Ni karanga zako hizo!"

Kitwana akaiokota ile karanga. Akaigeuza upande huu na huu, akatikisa kichwa.

"Karanga haina kosa. Mimi nimekula za gazeti hilihili, mbona sikupaliwa? Huyu mtoto katajwa!"

Sasa, kila mtu wa pwani anajua kwamba mtu akipaliwa, kuna mahali anatajwa. Watu husema hivyo kwa mzaha, huku wakimpigapiga mgongoni aliyepaliwa na kumletea maji. Kitwana aliyaacha maji, akauacha na mgongo, akachukua mzaha. Uchunguzi ukaanza palepale.

"Klara! Leo umemtaja mwanangu?"

"Nimesema tu huko uani, Sadalla kanenepa."

"Aha!"

"Aha nini? Kwani kanenepa kwa siri?"

Taifa lilikuwa na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kitwana alijiona kamgundua wa nne, nayo ni midomo ya wapangaji. Kumtaja mtoto wa mwenzio bila idhini, alisema, ni unyonyaji mtupu. Akapiga marufuku: kuanzia siku ile, ni mwiko kumtaja Sadalla vyumbani, uani, na hata kwenye foleni ya sukari.

Wapangaji wakatii kwa furaha isiyo ya kawaida. Sadalla akawa Nanihii. Mboni akawa Mama Nanihii. Na Kitwana, ambaye tangu mtoto azaliwe alikuwa haitiki mpaka aitwe Baba Sadalla, sasa akawa anasalimiwa barabarani mchana kweupe, na pekosi yake na raizoni zake: "Za kazi, Baba Nanihii?"

Lilimuuma. Lakini sheria ni yake, angemshtaki nani?

Mboni peke yake hakucheka. Alikuwa anafagia baraza mara kwa mara asije akabakisha punje, na kila mtoto akinyamaza, alikimbia kumtazama. "Nikienda mferejini, roho yangu naiacha hapa," alimwambia Klara. "Naogopa baba yake akimshika."

Ijumaa mtoto akapaliwa tena. Safari hii ilikuwa kokwa ya ubuyu, ubuyu ambao Kitwana aliuleta kwa sababu karanga zilikuwa zimesingiziwa. Bahati njema mtoto alikohoa mwenyewe, ikatoka. Kitwana akakaa akafikiri sana. Nyumba nzima haimtaji. Jirani hawamtaji. Basi ni nani? Akalipata jibu, na jibu lenyewe lilimtisha hata yeye. Ni mama mkwe!

Bi Siti, mama yake Mboni, alikuwa anakaa Ilala. Asubuhi yake Kitwana akaenda, akavua raizoni mlangoni, akaketi kwenye ncha ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Ndilo lililonileta, mama. Unamtaja mno."

"Namtaja wapi?"

"Kwenye dua, mama. Kila ukisali. Tafadhali, upunguze."

Bi Siti akainuka. Akajitanda kanga, akafunga mlango, akashika njia ya Kariakoo kwa miguu. "Twende kwa balozi," alisema. Kitwana akamfuata nyuma.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Tarsis, alizoea kesi za maji machafu na za redio zinazowapigia watu kelele. Kesi ya bibi kumwombea mjukuu hakuwahi kuipata. Alikuja akaketi uani kwa kina Kitwana na kikombe chake cha kahawa, wapangaji wakajaa kila upande, hakuna aliyekuwa na kazi siku hiyo.

"Ndugu Kitwana," balozi akaanza, "wewe mwenyewe huko kazini mtoto humtaji?"

"Kwani mimi si ndiye baba yake?"

"Nimekuuliza, unamtaja?"

"Kidogo."

"Kidogo!" Klara akadakia. "Mpaka muuza maziwa wa baiskeli anajua yale meno ni manne!"

Watu wakacheka. Mboni akasimama, wakaacha.

"Mzee, mimi sikuja kutafuta mshindi. Nataka mwanangu apumue, basi. Kama karanga hazitoki katika nyumba hii, natoka mimi na mtoto, narudi kwa mama."

Kitwana aliposikia hivyo akababaika. Akamshika mtoto akampakata. "Balozi, nipe ukimya tu! Wanyamaze wote, asitajwe na mtu. Mtaona kama atapaliwa!"

"Haya," alisema balozi. "Tunyamaze."

Uani pakawa kimya. Wakatazamana. Kuku akapita. Kitwana alikuwa anatokwa jasho, na Kitwana akiwa na wasiwasi mkono wake huenda mfukoni wenyewe. Ukatoka na karanga. Moja akatafuna yeye. Ya pili ikaenda ilikozoea kwenda.

Kupaliwa kwenyewe hakuna sauti. Hilo Kitwana hakulijua, maana siku zote yeye ndiye alikuwa sauti. Watu walikuwa wanamtazama balozi, balozi anatazama kahawa yake. Ila Kitwana akahisi vijiguu vinampiga pajani. Akainamisha macho. Mwanawe alikuwa ameachama, anamtazama baba yake usoni, na hakuna pumzi iingiayo wala itokayo. Na hakuna mtu aliyemtaja.

"Mboni!" Sauti haikutoka vizuri. "Mboni, mtoto!"

Mboni alikuwa keshafika. Akamlaza mkononi, kichwa chini, akagonga. Hola. Akagonga tena. Hola. Bi Siti akaanza kumtaja mjukuu wake kwa sauti, waziwazi, pamoja na Mungu wake, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Mboni akagonga kwa nguvu zaidi. Karanga ikachomoka, ikatua ndani ya kahawa ya balozi. Sadalla akalia mpaka mtaa wa pili wakasikia.

Kitwana alikuwa ameketi chini, pekosi ndani ya maji ya vyombo, analia kuliko mtoto.

Balozi akachungulia kikombe chake. "Ndugu Kitwana. Nani kamtaja?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kitwana hakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole.

"Hakutajwa," alisema. "Ni mimi."

Hukumu ikatoka hapohapo. Mtoto atakula ameketi, ametulia, bila kutekenywa. Karanga nzima hataiona mpaka akue na magego yatimie. Karanga yoyote itakayoingia nyumba ile itapita kwenye kinu, na mtwangaji ni Kitwana. Atatwangia barazani, palepale palipokuwa na maonyesho.

Jumatatu jioni akaanza kifungo chake, pekosi imekunjwa mpaka magotini. Haikuchukua muda, akapita Shaibu, mwenzake wa kazini.

"Alaa! Baba Sadalla, siku hizi unatwanga wewe?"

Mtu mwingine angeona haya. Kitwana akajinyoosha, akaegemea mchi.

"Huu ni utaalamu, ndugu yangu! Nyinyi mnawapa watoto karanga nzima, hamjui hatari yake. Mimi nimegundua!" Akachota karanga chache kinuni, akajirushia mdomoni. "Katika Kariakoo nzima hakuna baba anayejua malezi kama mi..."

Ikapita njia isiyo yake.

Mchi ukaanguka juu ya raizoni. Macho yakamtoka. Klara akaja mbio, akampiga mgongoni kwa mikono miwili, kwa bidii iliyozidi mahitaji ya ugonjwa. Karanga ikatoka. Kitwana akavuta pumzi, machozi yanamtiririka, akageuza shingo kuwatazama wanawake waliojaa mlangoni.

"Sisi hatumo!" wakasema kwa pamoja.

Ndani ya ukumbi, Bi Siti alikuwa mkekani, anamlisha mjukuu wake uji wa karanga kwa kijiko. Hakuinua hata kichwa.

"Safari hii ni kweli, baba," alisema. "Nilikuwa nakutaja mimi."