Vifungo Vyote vya Mji

Jumatatu, 4 Januari
Balaa! Serikali imebandika tangazo kwenye lango la shule: mzazi ashoneshe sare kwa fundi yeyote amtakaye, na shule isimlazimishe. Miaka sita nimeshona sare zote peke yangu. Nilikuwa najiita fundi mkuu, kumbe nilikuwa fundi pekee. Mama mkwe hakungoja hata gundi ya tangazo ikauke. Amefungua duka mkabala na langu, bei chini ya yangu. Siwezi hata kumfokea, nimeoa kwake. Mke wangu amesema yeye hayumo. Halafu akacheka!

Mchana nimelisoma tangazo tena. Rangi ya shati isibadilike, wala vifungo vya kijani. Vifungo!

Jumanne, 5 Januari
Nimeuza cherehani ya kupigia matundu ya vifungo. Dalali amesema mnunuzi ni mama mmoja mtulivu, hakuomba apunguziwe. Fedha yote nimenunulia vifungo vya kijani, maduka yote matatu ya mji, mpaka vile vya dirishani. Sasa ashone anayetaka kushona. Shati bila vifungo ni kitambaa chenye mikono. Akili ni mali!

Alhamisi, 7 Januari
Mama mkwe amekuja kuulizia vifungo. Nimesimama, nimemwamkia, nimemuuliza hali ya mguu wake, ndipo nikamtajia bei nikiwa nimeangalia chini. Mara tatu ya ile ya wiki iliyopita. Akasema haya baba, asante, akaenda zake. Hakulalamika. Hilo limenitia hofu kuliko matusi.

Jioni nimemaliza mashati mawili, nikageuka kutafuta cherehani ya matundu. Si nimeiuza! Nimejaribu kwa mkono. Tundu la kwanza kama limegugunwa na panya. Mke wangu, bila kuulizwa, akaniambia cherehani yangu iko kwa mama yake na inafanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo mimi nina vifungo vyote vya mji, na mama mkwe ana matundu yote.

Ijumaa, 8 Januari
Foleni ya wazazi kwake. Kila mmoja kashika shati la zamani lililombana mtoto. Mama mkwe anabandua vifungo na kuvihamishia kwenye shati jipya. Vifungo nilivyovishona mimi! Ametuma salamu kupitia mke wangu kwamba aliyevishona ni fundi kweli, nyembe mbili zimekatika. Nimenuna. Kisha nikamwomba mke wangu arudie.

Nimevuka barabara kutafuta kasoro. Kola zimelala sawasawa. Mishono imenyooka, hata ya upande wa ndani ambao hakuna mzazi atakayeuangalia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: yule mama ni fundi, bei yake ni ndogo na kazi yake inanizidi. Nimefurahi kuiona, na inaniuma.

Jumatatu, 11 Januari
Nimekwenda ofisi ya ushindani wa haki kumshtaki mama mkwe kwa kuhodhi matundu. Afisa ni dada mpole. Akaniuliza nani kanunua vifungo vyote. Nikamweleza mpango wangu mwanzo hadi mwisho, kwa fahari. Sijawahi kupata msikilizaji makini kama yule. Alipoona nimemaliza, akasema huko ndiko kuhodhi kwenyewe. Nimuuzie kila fundi kwa bei ya kawaida kabla shule haijafunguliwa, la sivyo ananifungia duka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Kwa watu kama huyu nchi itafika mbali, ingawa mimi nitachelewa kidogo.

Jumatano, 13 Januari
Nimempelekea mama mkwe vifungo. Hakunicheka. Amenipigia matundu ya mashati yangu yote kwa bei ile ile anayowatoza mafundi wengine, kisha akanionyesha jinsi anavyokata kola. Jumatatu watoto wote wataingia shuleni wamevaa. Moyo ulioje! Nimejifunza. Sitagusa biashara ya vifungo tena maisha yangu.

Jioni nimesikia shule inataka kila mtoto awe na sweta la kijani kabla ya baridi. Uzi wa kijani uko duka moja tu! Nimeuza cherehani iliyobaki, nikaununua wote. Dalali ni yule yule. Anasema mnunuzi ni mama mmoja mtulivu, hakuomba apunguziwe. Watu wema bado wapo.