Dawati la Watoto Watatu

Leo nimejiaibisha mbele ya wazazi wenzangu, na aliyefaidi ni serikali.

Afisa elimu alikuja darasani tulikokusanyika kututangazia kwamba shule yetu na ya jirani zitaunganishwa Januari. Vyumba je? "Nafasi ipo, ni kujipanga tu." Madawati yetu yametengenezwa kwa watoto watatu. Yeye anataka wakae watano. Sisi tulikuwa na ombi moja: asiunganishe chochote kabla madarasa mapya hayajajengwa.

Wazazi wakanigeukia mimi. (Nimesoma chuo kikuu. Hapa Makanyagio huo ni ugonjwa unaojulikana, na tiba yake ni kusukumwa mbele.) Nilikuwa na hasira. Badala ya kuhutubia, nikajitumbukiza kwenye dawati. Kitambi kikagota mezani.

"Njooni wanne wengine," nikaita. "Afisa ajionee kama inawezekana."

Nilisahau kitu kimoja. Sisi ni watu tuliolelewa kusogea. Kanisani, msibani, kwenye tela la trekta, mtu akija unasogea.

Akaja Mama Kalisto, akakaa upande. Akaja Baba Shija, mfugaji mwenye mabega ya maksai.

"Sogea, Profesa."

Nikasogea. (Mimi mwenyewe, kwa hiari yangu.) Wa nne akapakatwa nusu. Akabaki bibi mmoja mkondefu, amesimama anasita.

"Leo acheni adabu," nikanong'ona. "Tukienea tumekwisha."

Mama Kalisto akanishangaa. "Bibi asimame, nyie mmekaa? Huko chuoni ndiyo mlifundishwa hivyo? Bibi, pita hapa katikati."

Tukaenea.

Afisa akatabasamu kama bwana harusi. "Si mnaona? Na hao ni watu wazima."

Nikainuka nimjibu. Kitambi kikanasa, dawati likainuka nami, mbao zikapasuka, tukamwagika sakafuni wote watano. Bibi akaangukia juu yangu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Una mwili laini, sikuumia."

Afisa hakucheka. Alitazama zile mbao, akatutazama tulivyobanana pale chini, akafikiri.

"Kumbe bila madawati," akasema taratibu, "chumba kinachukua wengi zaidi. Basi Januari tunaanza."

Akaondoka. Watoto wetu watakaa pale pale tulipoangukia.

Anayetaka kunicheka aje anichekee humo darasani. Nafasi ipo, ni kujipanga tu.