Wapiga Kura wa Mfano

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba zoezi la kuhamasisha wapiga kura katika mtaa wetu lilifanikiwa kwa asilimia tisini na saba, na kwamba barua yangu ya kusimamishwa kazi haihusiani kwa namna yoyote na mafanikio hayo.

Mimi ndiye niliyekuwa Mratibu wa Hamasa. Nilipewa meza, kipaza sauti cha betri na maelekezo ya kurasa arobaini, ambayo ukiyakamua linabaki neno moja: wajitokeze. Wa kumpigia kura hakukuwa na haja ya kumjadili. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameshapitishwa kugombea urais na kamati ya watu saba, sita wakiwa shemeji zake na wa saba yuko mbioni kuoa hukohuko.

Nilianza na Mama Cherehani, mjane anayeshona sare za shule kibarazani kwake. Nilimkuta na pini mdomoni, nikamweleza umuhimu wa ushiriki shirikishi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa pini mojamoja, kisha akasema hajapiga kura tangu mumewe, fundi bomba, afariki miaka minane iliyopita mbele ya mlango wa zahanati yetu. Zahanati hiyo Mheshimiwa ameizindua mara mbili. Mara zote mbili kufuli lilirudishwa wapiga picha walipoondoka. Nikaandika kwenye fomu: "Changamoto binafsi."

Jirani yake kinyozi aliniambia kwamba yeye amepiga kura mara tatu, na kila mara aliyeumia ni yeye.

Nikaona dawa yao ni aibu. Nilipekua daftari la wapiga kura nikatafuta waliojitokeza chaguzi zote bila kukosa hata mmoja, nikawapata ishirini na wanne. Nikapiga chapa majina yao kwa herufi kubwa, juu nikaandika WAPIGA KURA WA MFANO, nikabandika orodha kwa kinyozi pembeni ya kioo, ili anayejitazama ajilinganishe.

Watu walijaa siku hiyohiyo. Nilifurahi sana. Walisoma kwa sauti, jina baada ya jina, na kila jina lilipotajwa kuna mtu alivua kofia. Kinyozi alimkuta baba yake nambari tatu. Mama Cherehani alimkuta mumewe nambari tisa. Wote ishirini na wanne walikuwa makaburini, wengine tangu kabla sijaajiriwa.

Mama Cherehani alikuja ofisini na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakufoka. Aliniuliza mumewe alimpigia kura nani. Nikamjibu kwamba kura ni siri.

"Mume wangu alifia kwenye kufuli la huyo bwana," akasema. "Halafu kila uchaguzi mnamwamsha akamchague. Mwacheni mzee wa watu apumzike."

Nilikiri kiutaratibu kwamba hoja yake ina mashiko. Marehemu anastahili mapumziko. Hata kanuni za likizo hazimtambui kuwa kazini. Basi nikaandaa waraka: siku ya kupiga kura, kila mpiga kura athibitishwe na majirani wawili kwamba yu hai na anakaa mtaani. Ofisi ya Mheshimiwa iliupitisha bila kuusoma, kama inavyopitisha kila kitu, na muhuri ukagongwa.

Tangu hapo kipaza sauti kilikaa kabatini. Mama Cherehani alizunguka nyumba kwa nyumba, na hakumwuliza mtu chama chake. Aliwaambia tu kwamba ukikaa ndani, yupo atakayekwenda kwa jina lako. Baada ya kazi walikusanyika kibarazani kwake wakipima nani anafaa. Kinyozi alimtaka mkunga mstaafu aliyesimamishwa na chama kidogo kugombea urais. Wengine wakasema kuzalisha si kutawala. Mama Cherehani akasema hana hakika na siasa za mkunga, ila anajua yule mama akigongewa mlango hufungua. Nikaripoti: "Mijadala inaendelea kwa amani."

Siku ilipofika, foleni ilipinda kona ya tatu kabla jua halijakolea. Ndani, majirani walikaa kwenye benchi kando ya karani wakithibitishana. Wakaja mabwana watano nadhifu, sura ngeni, kila mmoja na kadi yake mkononi. Wa kwanza akajitambulisha kuwa fundi bomba, nambari tisa. Mama Cherehani akamwuliza kwa upole kama anawakumbuka watoto wao kwa majina. Yule bwana akasema amesahau kitu kwenye gari. Wenzake nao wakakumbuka kwamba wamesahau.

Saa nne akafika Mheshimiwa mwenyewe na kamera zake. Amejiandikisha kwetu, maana kwenye mabango inapendeza kuitwa mtoto wa mtaa. Karani akamwomba mashahidi wawili. Mheshimiwa akacheka. Karani akamwonyesha waraka, wenye muhuri wa ofisi yake. Akanigeukia mimi. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba ninakaa nyumba za serikali, mtaa wa pili. Walinzi wake wanaishi kwake, na kwake si huku.

Kinyozi alipoulizwa alisema picha ya Mheshimiwa iko kwenye kila nguzo, lakini picha haithibitishi uhai. Hata ya baba yake anayo ukutani.

Mheshimiwa akaenda mwenyewe hadi kwenye benchi, akainama.

"Mama, si unanijua?"

"Sauti naijua, baba," akasema Mama Cherehani. "Nionyeshe tu nyumba yako ni ipi."

Mheshimiwa akatazama nje kupitia mlango. Kamera zikatazama pamoja naye. Mwishowe karani akamwomba apishe, wenye mashahidi wapite.

Alikaa pembeni mpaka kituo kikafungwa, akiwatolea salamu watu ambao hakuwa na majina yao. Waliitikia wote, kwa adabu, na kusonga mbele. Kwenye kituo chetu mkunga alishinda kwa kura ambazo hesabu yake sikulazimika kuipika.

Ripoti ya mwisho niliijaza mwenyewe. Penye safu ya marehemu waliofika kituoni niliandika: waliowakilishwa, watano; aliyekuja mwenyewe bila mashahidi, mmoja.