Bendi Aliyoiunda Cyril Rimmer Bila Kukusudia

Mwaka ule Liverpool nzima ilishikwa na wazimu wa magitaa. Kila kijana mwenye vidole alitaka bendi, na aliyeikosa alizunguka barabarani na gitaa begani ili watu wadhani anayo. Wazazi walilalamika, mapadri wakahubiri, na Cyril Rimmer akafurahi kupita kiasi.

Cyril hakujua muziki hata kidogo. Alichojua ni watu. Alikuwa na koti lenye kola ya manyoya, sauti ya mtangazaji wa redio, na gari kuukuu la kusambazia mikate ambalo bado lilikuwa na picha ya mkate ubavuni. Asubuhi moja ya baridi alipita mbele ya duka la vyombo vya muziki, akawakuta vijana wamegandisha pua kwenye kioo, kila mmoja na chombo chake mgongoni, hawajuani wala hawasemezani. Mtu mwingine angeona wapenzi wa muziki. Cyril aliona mali ya bei mbaya inatembea mjini bila mlinzi, na roho yake safi ikamwambia mali hiyo inahitaji mlezi.

Kesho yake kikadi kilibandikwa kwenye dirisha la muuza tumbaku, mahali ambapo watu wa kwetu hutafuta kila kitu, kuanzia paka aliyepotea hadi mume. Kilisema: "Bendi mashuhuri iendayo Hamburg, Ujerumani, yahitaji mwanamuziki mmoja tu. Aje na vyombo vyake."

Utamu wote ulikuwa kwenye hilo neno "mmoja". Kila aliyekuja aliambiwa wenzake wameshapatikana zamani, na kwamba ni vigogo watupu.

"Mpiga ngoma wetu karudi kutoka Hamburg juzi tu," Cyril alimwambia Alun Pugh, kijana mwembamba kutoka Wales aliyepiga gitaa. "Hapendi wanafunzi kabisa. Wewe umeshapiga wapi?"

Alun alikuwa amepiga chumbani kwake, tena mlango ukiwa umefungwa. "Cardiff," alisema. "Na London kidogo."

"Nilijua. Vidole vyenyewe vinasema."

Wilf Ormerod, mpiga besi aliyeuza nyama buchani kwa baba yake, alipoambiwa habari za huyo gwiji wa London, alidai yeye amepiga melini mpaka New York. Naye Doreen Fazakerley, mpiga ngoma, alikubali bila kupepesa kwamba Ujerumani yote anaijua kwa miguu.

Doreen ndiye niliyemwonea huruma. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti, na mchumba wake alikuwa amemwambia achague, ama yeye ama ngoma. Doreen alichagua ngoma papo hapo, bila hata kuomba muda wa kufikiri, na tangu siku hiyo mama yake hakumsemesha. Ngoma zile zikipotea, Doreen amebaki hana mchumba, hana muziki, ana biskuti tu mpaka kufa.

Jumamosi mchana walikutana kwenye ukumbi wa kanisa aliouazima Cyril kwa kumdanganya kasisi kwamba ni kwaya. Vijana wale watatu waliogopana hadi kutazamana kukawa kazi. Hakuna aliyethubutu kuuliza wimbo gani, wala nani aanze, maana wakubwa hawaulizi mambo hayo. Mwishowe Doreen akaona heri afe anapiga. Akazitwanga ngoma. Wilf akamrukia kwa besi ili asiachwe nyuma na mtu wa Hamburg. Alun akafumba macho na kupiga gitaa kwa nguvu zote za mtu anayekaribia kuumbuliwa.

Jamani, walipiga! Vioo vya kanisa vilitetemeka. Cyril alishangaa kuona mguu wake unagonga sakafu bila kumwomba ruhusa.

"Wanangu," alisema walipomaliza, akifuta chozi ambalo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, lilikuwa la halali, "Hamburg mtaichoma moto. Sasa pakieni vyombo garini nivipeleke melini leo leo. Jumatatu tukutane bandarini, tiketi ninazo. Haya, nendeni hapo ng'ambo mkale chipsi na samaki, natoa mimi."

Chozi lilikuwa la kweli, lakini wizi ulibaki palepale. Cyril hakuwa mtu wa kuchanganya hisia na kazi.

Duka la chipsi lilitazamana na ukumbi. Wilf alimwagia chipsi zake siki, akajikaza, akamgeukia Doreen.

"Samahani, dada. Kule Hamburg, mnalalaga wapi?"

Doreen alitafuna polepole. Halafu akatua uma. "Kaka, mimi Hamburg siijui. Hata Manchester sijafika. Ila wewe wa New York..."

"New York gani? Mimi nauza nyama pale Scotland Road. Meli naziona zinapita."

Wote wawili wakamgeukia Alun. Alun alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Msinitazame hivyo. London nimeiona kwenye kalenda."

Walicheka hadi mwenye duka akawaonya. Kisha Doreen akainua mkono.

"Ngojeni kwanza. Kama sisi wote ni waongo, hiyo bendi mashuhuri ni ya nani?"

Doreen aligeuka dirishani akaangalia gari lililobeba ngoma zake, moyo ukampasuka. Lakini gari halikuwa limeondoka. Baridi ilikuwa imeua betri. Cyril alipiga stata, likakohoa. Akapiga tena, likanyamaza kabisa. Akashuka, akatazama huku na huku barabarani, na mtaa mzima haukuwa na mtu mwenye nguvu isipokuwa wale watatu aliokuwa akiwaibia.

Akaja mlangoni, amevaa tabasamu lake lote. "Wanangu, njooni mnisukume kidogo. Meli haisubiri!"

"Tunakuja, bosi!" alisema Doreen, mtamu kama asali. Kisha akanong'ona, "Baba yangu ni fundi wa mabasi. Mtu asiropoke."

Nje, Doreen alilizunguka gari na kutikisa kichwa kwa masikitiko. "Bosi, gari hili lina klachi ngumu. Ukikosea kuiachia, injini inakufa moja kwa moja. Niachie usukani. Wewe ndiye mwenye mwili, ukisukuma katikati litaondoka tu."

"Mimi? Na koti hili?"

"Au tuache, twende Jumatatu?"

Cyril akainama akasukuma. Alisukuma kwa moyo, maskini, akipiga kelele za kuwahimiza wenzake, na pengine ilikuwa kazi ya kwanza ya jasho aliyowahi kufanya. Gari likashika kasi, Doreen akaachia klachi, injini ikanguruma. Alun na Wilf wakarukia nyuma kati ya ngoma. Cyril alianguka kifudifudi kwenye tope, kola ya manyoya na yote.

"Doreen!" alifoka. "Simamisha! Mimi ndiye meneja!"

"Tumekufukuza!" Wilf alijibu kutoka mlango wa nyuma. "Kila bendi inamfukuzaga mtu!"

Hiyo ni kweli tupu. Bendi zote kubwa za kwetu zina mtu ziliyemtimua kabla ya kupata jina. Hii ilimtimua wa kwake kabla hata chipsi hazijapoa. Jioni hiyohiyo walipiga kwenye harusi ya binamu yake Wilf, na baada ya hapo mnajua yaliyotokea, kwa kuwa nyote mnazo santuri zao.

Waandishi wa magazeti walipowauliza walikutanaje, walisema walikutana kwenye treni, kila mmoja ana santuri kwapani. Wangesema nini, wakati gari la mikate la Cyril bado wanalo?

Cyril aliishia kwenye baa karibu na bandari. Miaka mingi alimsimulia kila aliyeingia kwamba yeye ndiye aliyewakutanisha, kwa kikadi, kwa ukumbi, kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa jambo la pekee la kweli alilowahi kusema, na watu walilicheka mpaka wakalia. Hakuna aliyemnunulia hata glasi ya maji.

Jumapili moja alichoka. Mgeni alikaa karibu naye, na Cyril akashusha pumzi.

"Unawajua wale?" alisema, akionyesha picha yao ukutani. "Ile treni waliyokutania. Mkata tiketi nilikuwa mimi."

Baa nzima ikageuka kumtazama. Mgeni akamshika mkono kwa heshima, akamwita mhudumu.

"Mpe mzee anachotaka," alisema. "Leo analipiwa."