Orodha ya Wanaofunga

Jumapili, tarehe 22 Machi

Mimi nasema, mkwe wangu anaandika. Kalamu sikufundishwa, mdomo nilizaliwa nao. Mkwe ni fundi cherehani, mwandiko wake umenyooka kama mshono. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipige pasi.

Leo padre katangaza. Ng'ambo huko ardhi imetikisika, nyumba zimelala chini, watu wako nje na baridi. Tulete nguo za joto, blanketi, chochote. Nililia. Nililia kweli, mkwe asitikise kichwa. Halafu padre akasema Alhamisi Kuu ya safari hii hachagui wazee wa kanisa wa kuoshwa miguu. Watu kumi na wawili atawatoa kwenye orodha ya wanaofunga. Orodha iko mezani pale mlangoni.

Machozi yakakauka hapo hapo.

Maana mwaka jana alioshwa nani? Mjane wa muuza nyama! Toka siku hiyo anavaa soksi nyeupe ndani ya kandambili, eti asichafue mahali padre aliposhika. Mwaka mzima! Sokoni, bombani, msibani. Tunamwita Bibi Soksi, naye anafurahi, anadhani ni cheo.

Mimi na kufunga hatujuani. Nikikosa chai ya asubuhi naona nyota. Lakini miguu yangu ina miaka sabini na tatu na hakuna aliyewahi kuiosha ila mama yangu. Na marehemu mume wangu, mara moja, nilipokanyaga lami. Alitumia mafuta ya taa.

Nikabonyeza dole gumba kwenye orodha. Kwa nguvu.

Jumatatu, tarehe 23 Machi

Kufunga siwezi. Kuonekana nimefunga, kazi ndogo! Nimekunywa chai na mkate, nikafuta makombo. Nikapaka unga midomoni, ikawa kama imepasuka. Halafu nikavaa koti la marehemu.

Koti hilo mkwe analijua, ila nitasema. Marehemu alikuwa mlinzi wa ghala, miaka ishirini na sita mlangoni. Mabega kama kabati. Kifungo cha tatu kilipopotea nilimshonea chekundu, cha gauni la mtoto, akakivaa hivyo hivyo mbele za watu bila haya. Ukizamisha pua kwenye kola bado kuna tumbaku yake. Nikilala najifunika hilo. Wengine wana picha ukutani, mimi nina koti. Basi nikilivaa napotea humo ndani kama kijiti kwenye gunia. Ukiniona utasema huyu hajala tangu Krismasi.

Nimeweka kiti nje, njia ya kanisani, nikaanza kuugua taratibu. Wamepita watu tisa. Mmoja kauliza kama nina malaria. Bibi Soksi kapita mbio, jasho linamtoka, hata kunitazama hakunitazama. Wivu huo.

Jumatano, tarehe 25 Machi

Mtunza sakristia kaja. Mtu mzima mpole, sikio moja zito. Kauliza, bibi, mbona hatukuoni kwenye kufunga? Nikamwambia kufunga ni siri, mtu anajifungia chumbani kwake. Akauliza, peke yako? Peke yangu! Akauliza, sasa unafunga nini? Nikaona hapa ndipo pa kuongeza chumvi. Nikasema nafunga nyama, nafunga samaki, nafunga maziwa, na toka jana nimefunga mpaka chai.

Akashika kichwa. Akasema, bibi, samaki! Maziwa! Vitaoza, meli inakwenda wiki sita!

Sikumwelewa. Nikamwambia Mungu atavitunza. Kaondoka anatikisa kichwa.

Mkwe akasimamisha cherehani. Akaniuliza polepole, kama anayechomoa mwiba, mama, ile orodha una hakika ni ya kufunga kula? Nikamwambia Kwaresima watu wanafunga nini kingine? Akasema, marobota, mama. Wanafunga marobota ya nguo za wale wa ng'ambo. Kila siku saa tatu, ukumbini. Jina lako lipo, na kila siku wanakuandikia hayupo.

Siku tatu nimeugua bure kwenye kiti! Na unga umeisha!

Alhamisi, tarehe 26 Machi

Nimefika ukumbini saa mbili, na koti la marehemu, maana asubuhi kulikuwa na baridi. Masweta mpaka dirishani. Unakunja, unapanga ndani ya gunia, mwenzako anapanda juu anakanyaga hewa itoke, unakaza kamba, unashona mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Na anayekanyaga ni nani? Bibi Soksi! Kavua kandambili, anarukaruka juu ya robota na soksi zake kama mbuzi kwenye paa.

Akaniona. Akasema kwa sauti ya kwaya, karibu mwenzangu, tulisikia unafunga maziwa! Ukumbi mzima ukacheka. Mtunza sakristia akatazama viatu vyake.

Hapo nikapandwa na kitu. Nikavua koti, nikalitupa nyuma yangu, nikaanza. Sikunywa maji. Sikuinua kichwa. Kinachokuja mkononi nakunja, nasukuma, nakaza, nashona. Yeye alipomaliza la tisa mimi nilikuwa la kumi na moja. Kumi na moja! Nikatoka pale kichwa juu, nimenyooka mgongo kama bibi harusi.

Nimefika mlangoni kwangu, nikaona mbona mabega ni mepesi.

Mkwe, acha kuandika kidogo.

Haya, andika. Koti nimelishonea robotani mwenyewe. Kwa mkono huu.

Ijumaa, tarehe 27 Machi

Nimekwenda mapema, kisu cha jikoni ndani ya mfuko. Marobota arobaini na moja, yote sura moja kama kuku weupe. Nikachana la kwanza. Nguo za watoto wachanga. La pili, blanketi. Nikanusa, dawa ya nondo tupu. La tatu nimeingia mpaka kwapani, nasikia mtu anakohoa.

Padre. Na ubavuni pake, soksi mbili nyeupe.

Tazama mambo hayo! Bibi mzima, kisu mkononi, ndani ya nguo za waliofikwa na maafa! Padre akauliza, mama, unatafuta nini? Nikafungua mdomo niseme koti langu. Kweli nilitaka kusema. Bibi Soksi akaniwahi. Akasema, padre, ndiye huyu niliyekwambia. Jana nimemwona kwa macho yangu anakunja koti la marehemu mumewe, anaweka ndani, anashona, wala hakutetereka. Mimi la mume wangu nimeshindwa, liko kabatini. Mwenzangu leo kaja kuliaga.

Na akalia. Mwanamke yule! Nilitaka nimchukie, nikakosa pa kushika.

Padre akavua miwani. Akasema, mama, ni kweli? Kama ni bahati mbaya sema, tunayafungua yote leo hii, lori linakuja kesho. Kama umelitoa kwa moyo wako, basi katika wale kumi na wawili wewe ndiye wa kwanza.

Koti. Miguu. Koti. Miguu.

Nikasema nimelitoa.

Ulimi huu! Mungu angenipa wa ng'ombe ningekuwa na faida nao.

Jumamosi, tarehe 28 Machi

Lori limekuja. Wamepakia. Nilisimama pale nikinusa kila robota linalopita, watu wakadhani nasali. Limeondoka, nikalifuata hatua nne. Goti likagoma.

Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili

Toka Jumatatu nasugua miguu kwa jiwe. Mkwe kasema, mama, utafika mfupani. Sikusikia. Mpaka leo visigino ni vyekundu kama nyanya.

Nimekaa kiti cha kwanza. Padre akapiga goti, akamwaga maji. Maji ya baridi kwenye kisigino kilichochubuka! Nikapiga ukelele, kwaya ikakosea. Halafu sijui nini kikatokea. Nilimwona marehemu kachuchumaa pale na kitambaa cha mafuta ya taa, ananiambia tulia wewe, unarusha miguu kama punda. Nikalia. Nililia mpaka padre akanisubiri. Nyuma watu wananong'ona, neema hiyo, neema.

Kikombe kimoja kila mguu. Kikombe kimoja! Nilidhani kitu kirefu.

Na Bibi Soksi hakuwemo. Mkwe kaniambia njiani. Jina lake lilikuwepo, kalitoa mwenyewe, akasema nafasi apewe mwenzake aliyetoa koti. Sikula jioni. Ndiyo siku pekee niliyofunga Kwaresima hii, na hakuna aliyeniona.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili

Bibi Soksi kaniletea zawadi. Soksi nyeupe, jozi mpya. Nimezivaa. Huku mabegani baridi inaingia kama mwenye nyumba. Nimejaribu kujifunika blanketi, halina kola. Mtu anazamisha wapi pua?

Mkwe kasema niende nimwambie padre ukweli, hata kama koti halirudi moyo utapumua. Nilikuwa nimeamua. Walahi nilikuwa nimeamua, nimekwenda kanisani na maneno yote mdomoni.

Padre akatangaza orodha mpya iko mezani. Ya wanaofungua.

Wanaofungua! Basi kuna marobota yamerudi! Sikungoja baraka ya mwisho. Nimebonyeza dole gumba la kulia, halafu la kushoto, ili wasinikose.

Mkwe ameisoma. Anasema ni ya kufungua milango ya kanisa, kila siku saa kumi na moja alfajiri, mpaka Krismasi.

Andika kwamba mkwe haelewi mambo ya kanisa. Kesho naondoka mapema, niwe wa kwanza. Shazia nimeichukua, na kisu nimekinoa.